Mwaka Niliomalizia Sentensi ya Mheshimiwa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kunukuu lilikuwa kumalizia mtu sentensi. Nasema la kwanza kwa sababu ndilo lililozaa mengine, si kwa sababu nilikomea hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba kimoja Kitale, na sentensi iliyoachwa njiani ilinisumbua kama jiwe ndani ya kiatu. Mwezi uliopita nilikutana na Mama Metrine pale Kanduyi, kwenye kibanda chake cha chakula, baada ya miaka saba ya kumkwepa. Alinivutia kiti cha plastiki, akaniwekea chapati mbili na maharagwe kabla sijamsalimia vizuri, kisha akasema, "Kula kwanza. Unakaa kama mtu ameitwa kwa chifu." Nilikula huku nikimtazama kwa wizi, nikijiuliza ukarimu ule ulikuwa na nini nyuma yake. Hiyo ndiyo tabia niliyobaki nayo. Niliporudi Kitale niliona afadhali niuandike mwaka ule jinsi ulivyokuwa, kabla sijaanza kuupiga pasi kama nilivyokuwa nikipiga pasi maneno ya watu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Daktari Khadija, mwalimu wa chuo kikuu, alikuwa anachunguza namna viongozi wetu wanavyoongea wasipokuwa na karatasi mkononi: kwenye matanga, kwenye harambee, kwenye baraza la chifu. Hotuba ya kuandikiwa haikumhusu. Alitaka ile inayotoka papo hapo, pamoja na kikohozi chake. Mimi nilirekodi kwa simu, kisha nikakaa na kusikiliza kipande baada ya kipande, nikiandika kila kilichotamkwa. Sikuwa nimesomea jambo hilo wala jingine lolote baada ya sekondari. Kupiga chapa kwa vidole kumi nilijifunzia kwenye saiba ya jirani, kwenye kompyuta zake za kukodisha, asubuhi kabla wateja hawajaingia, na Kiswahili changu nilikijenga kwa kamusi ya kuokota ambayo kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, kiasi kwamba mpaka leo maneno yanayoanza na B hunitia wasiwasi. Mtu wa namna hiyo haandiki, anajitetea. Kila ukurasa niliusoma mara tano nikitafuta kosa ambalo mtu aliyesoma angeliona mara moja na kucheka.

Daktari alikaa Bungoma mjini, nyuma ya msikiti, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ilikuwa ya mama yake. Kila Ijumaa nilifika na karatasi zangu, naye alikuwa na sufuria ya pilau ikipumua chini ya mfuniko uliowekewa makaa. Tulifanyia kazi kwenye meza ya chakula yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Adhana ikianza alisimamisha sauti, akakunja mikono, na tulikaa kimya mpaka iishe. Siku ya kwanza nilimpelekea kurasa sita nilizojivunia sana. Nilikuwa nimeondoa kila "eeh" na kila neno lililorudiwa, nikarudisha r na l mahali pake, nikavipatanisha vitenzi na majina yake. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, akainua miwani hadi kwenye paji la uso.

"Huyu anayeongea hapa ni nani?"

"Ni Mheshimiwa, Daktari. Ile ya harambee ya kanisa."

"Siye. Huyu ni wewe, umevaa kofia yake." Alizirudisha zile karatasi. "Wafula, mimi nataka takataka zote. Akikwama, andika amekwama. Akinyamaza, hesabu sekunde, uniwekee nukta moja kwa kila sekunde. Ukinisafishia namna hii nitajua una sabuni nzuri, lakini sitajua yeye anaongeaje."

Nilirudi Kitale nikiwa nimeumia, nikasema moyoni kwamba mwanamke huyu ananipima. Nilirudisha kila "eeh", nikahesabu sekunde kwa kidole mezani. Jambo moja tu sikuliacha, na sikumwambia. Pale ambapo sentensi ilikatika na mimi nikajua ilikokuwa inaelekea, niliifikisha. Nilijiambia kwamba kama mwisho unajulikana, kuuandika si uongo. Hakuna aliyeona, kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa madogo: barabara itatengenezwa, watoto watapata basari ya karo, mvua ikinyesha tutapanda.

Mheshimiwa ninayemzungumzia alikuwa mwakilishi wa wadi, na kwa miezi minne nilimsikia kuliko nilivyowahi kumsikia mtu yeyote. Nilimjua kwa masikio kuliko kwa sura. Akitaka kusifiwa alisema "mimi", mambo yakiharibika alisema "sisi". Akitaka wazee wacheke aliingia Kibukusu, na akitaka kuahidi jambo kubwa aliingia Kiingereza cha haraka ambacho hata yeye hakikumruhusu kupumua. Majina ya watu aliyaepuka kabisa. Walikuwa "huyu bwana", "yule dada", "hawa wenye mnajua". Na kila baada ya sentensi tatu aliwatupia watu swali dogo, "Si ni ukweli?", nao walimrudishia "Ni ukweli!" kama wanaomsaidia kubeba gunia. Nilianza kuvutiwa naye. Nilianza pia kumshuku, na vitu hivyo viwili viliishi ndani yangu bila kugombana.

Mwezi wa tano alikufa mzee mmoja mkulima wa Bokoli, na nikaenda kurekodi. Ilikuwa baada ya saa sita mchana, jua limepanda juu ya hema, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Kama ilivyo desturi, waliongea jamaa, wakaongea watu wa kanisa, akaongea shemeji wa marehemu, na huyo shemeji alikuwa bado katikati ya hadithi ya ng'ombe pale magari mawili ya Mheshimiwa yalipoingia na maiki ikachukuliwa mkononi mwake kwa heshima zote. Akinamama wa chama cha wakulima walikuwa wakigawa chai. Mmoja wao alikuwa Mama Metrine, mtunza ghala la chama, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye funguo za mbolea zilikuwa mikononi mwake kwa miaka mingi kuliko wenyeviti wote waliopita. Msimu ule mbolea ya bei nafuu ilikuwa imeletwa kisha ikapungua ghalani bila maelezo, na kila mtu pale alikuwa amepanda mahindi yake akiwa na kinyongo.

Mheshimiwa alimsifu marehemu, akawachekesha wazee, akaahidi daraja. Halafu akashusha sauti. Ninayanukuu sasa kama yalivyo kwenye sauti, si kama nilivyoyaandika wakati ule.

"Mbolea ilifika. Eeh? Ilifika, mimi mwenyewe niliona lori na hii macho. Sasa mbolea ni kitu inatembea? Iko na miguu? Huyu mama mwenye anakaa na funguo, yeye ndiye..." Akanyamaza. Sekunde saba. "Haya. Haya, si tusindikize mzee kwanza, bana. Hiyo maneno iko na siku yake."

Katika zile sekunde saba, nyuma yangu bibi mmoja alisema kwa sauti, "Amekula!" Mwanamume mwingine akadakia, "Ameuza Lwakhakha, hapo mpakani, ati nani hajui?" Watu wakacheka kicheko kile cha matangani, cha kuficha mdomo. Mama Metrine alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, birika mkononi. Alimaliza kujaza kikombe cha mzee aliyekuwa mbele yake, akasogea kwa aliyefuata, akamjazia pia. Hakumwaga hata tone. Nilimtazama nikafikiri, mtu asiye na hatia angeshtuka. Ndivyo nilivyofikiri, siwezi kujisafisha.

Kesho yake nilikaa chumbani na kuandika. Nilipofika kwenye "yeye ndiye" sikusita hata kidogo. Niliandika: yeye ndiye aliyeuza mbolea Lwakhakha. Hata zile nukta saba sikuziweka, maana kwenye kumbukumbu yangu hapakuwa na kimya. Ningeapa mahakamani kwamba nilimsikia Mheshimiwa akisema. Nakumbuka nilivyoegemea kiti nikaitazama sentensi ile, imekamilika, imesimama wima, nikaridhika nayo.

Kabla Ijumaa haijafika, Bonnie alinitafuta Kitale. Bonnie alikuwa msaidizi wa Mheshimiwa, kijana wa rika langu mwenye viatu visivyojua matope. Alinipeleka kwenye hoteli moja karibu na soko, akaniagizia matumbo na ugali wa wimbi.

"Niaje, prof," aliniambia. "Ile ya Bokoli si umemaliza?"

"Nimemaliza. Bado kumpelekea Daktari."

"Tuma hapa kopi bana. Mdosi anataka kujua alisema nini. Si unajua mtu akishika maiki anasahau mpaka jina ya mama yake."

"Na sauti?"

"Sauti ya nini? Nani ako na time ya kuskiza? Tuma yenye umeandika. Hakuna mtu hii kaunti anaandika safi kama wewe, na siko hapa kukuchocha."

Nilimuuliza kama Daktari anajua. Alisema wameshaongea, na alipokuwa akisema hivyo aliangalia simu yake, ambayo haikuwa imelia. Niliona. Mtu anayeshuku kila kitu aliona jambo hilo waziwazi na bado akatuma, kwa sababu neno "safi" lilikuwa limemkaa kifuani na hakutaka litoke.

Baada ya siku tatu ukurasa wangu ulikuwa kwenye makundi yote ya WhatsApp ya wadi ile, sentensi ile imezungushiwa duara jekundu. Mama mwenye kuuza maziwa kwenye ploti yetu ndiye aliyenionyesha, hakujua ni mimi. "Ona huyu mama mwizi," aliniambia. "Mpaka Mheshimiwa ametoboa." Chama kilimnyang'anya Mama Metrine funguo na kumpa wiki mbili ajibu mbele ya wanachama. Kama hangejibu vizuri, angefukuzwa na jina lake lingepelekwa polisi. Nilisikia kwamba alikuwa ameacha kwenda kanisani, na kwamba mtu alikuwa amemwaga gunia tupu la mbolea mlangoni kwake. Gunia tupu linamwagwaje, sijui, ila ndivyo walivyosema, na kila mtu alielewa.

Ijumaa Daktari hakuwa amepika. Simu yake ilikuwa mezani na ule ukurasa wenye duara. Hakuniuliza kwa nini nilitoa kazi yake bila ruhusa. Alisema tu, "Niwekee sauti." Nikaiweka. Tulisikia lori, tukasikia miguu ya mbolea, tukasikia "yeye ndiye". Kisha kimya. Nilingoja maneno yangu yatokee. Nilikuwa na hakika nayo kiasi kwamba yalipokosa kutokea nilidhani simu imeharibika. Nilirudisha mara ya pili, ya tatu, ya nne. Vikombe viligongana, mtoto alilia, bibi alisema "Amekula!", na Mheshimiwa akasema "Haya."

"Nilisikia, Daktari. Wallahi nilisikia."

"Usiniapie kwa kiapo cha kwetu, wewe si Mwislamu," alisema, na hata hakutabasamu. "Ulisikia. Kila mtu pale alisikia. Sentensi isiyoisha haina mwenyewe, Wafula. Anayeimalizia ndiye anayekwenda nayo nyumbani. Wengine waliimalizia mdomoni. Wewe uliimalizia kwa chapa, ukatia jina lake."

Nililia pale mezani, machozi ya hasira zaidi kuliko ya majuto. Kisha nikafanya ninachofanya nikiwa na hofu, nikafanya kazi kupita kiasi. Kwa siku nne nilisikiliza upya rekodi zote za Mheshimiwa nilizokuwa nazo na kuandika kila mahali alipokatiza sentensi. Nilichokiona kilinipandisha nywele. Akiongea juu ya barabara, mvua, marehemu au Mungu, hakukwama kamwe. Alikwama mahali pa aina moja tu, pale ambapo sentensi ilikuwa inataka jina la mtu wa kulaumiwa. Hapo alisema "yeye ndiye" au "hao ndio", akanyamaza, akawaangalia watu, akasema "Haya." Kila mara. Nilimpigia Daktari simu. Nilimwambia tumempata, anafanya makusudi, lazima yeye mwenyewe anajua mbolea ilikokwenda, nitasimama Bokoli na kusema hivyo.

"Umenihesabia vizuri sana," alisema. "Hiyo nitaitumia. Lakini kimya chake hakina maneno ndani. Ukisimama useme yeye ndiye mwizi kwa sababu alinyamaza, utakuwa umeandika sentensi ile ile, umebadilisha jina tu."

Kwa muda nilimshuku hata yeye. Nilifikiri anaogopa kibali chake cha utafiti. Labda aliogopa kweli, sikuwahi kumuuliza.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chama, ukuta mmoja na lile ghala, na harufu ya mbolea ilipenya ikakaa kooni. Bonnie alinisubiri mlangoni. "Prof, usijisumbue," aliniambia akinishika bega. "Sema tu ni wewe uliandika. Si uliandika? Huna haja ya kusema mengine. Ukianza kusema ulikosea, nani atakupea kazi tena?" Alikuwa amejua pa kunigusa. Hakuna kitu nilichoogopa duniani kama kusimama mbele ya watu na kusema kazi yangu ina kosa.

Mwenyekiti, mwalimu mstaafu, aliniita mbele akiwa ameshika ile karatasi. Mama Metrine alikaa peke yake kwenye benchi la kando, leso imefungwa kiunoni kama mtu anayetoka shambani. "Kijana," mwenyekiti akasema, "hii ni kazi ya mkono wako?"

"Ndiyo, mwalimu. Ila... ile sentensi. Mimi ndiye... eeh, mimi..."

Hakuna aliyenisaidia. Nilisikia sekunde zikipita na nikazihesabu kwa kidole kwenye mshono wa suruali, kwa mazoea. "Maliza, kijana," mwenyekiti alisema.

"Mheshimiwa hakuyasema maneno hayo ya mwisho. Niliyaandika mimi."

Kelele zilizuka. Mwanamume mmoja alipiga kelele, "Amelipwa huyu!" Mwingine akajibu, "Na nani? Huyo mama atalipa na nini?" Daktari alikuwa ameniruhusu kuwasikilizisha kipande kile, nami nikaunganisha simu na spika ya kanisa waliyokuwa wameiazima. Ukumbi ukatulia. Yeye ndiye. Kimya. Na ndani ya kile kimya, kwa sauti kubwa kuliko ya Mheshimiwa mwenyewe kwa sababu alikuwa amekaa karibu na simu yangu, bibi akasema, "Amekula!" Bibi yule alikuwepo, safu ya mbele. Vichwa vyote viligeuka.

"Sasa mnaniangalia nini?" alisema akivuta shuka lake. "Si nyinyi nyote mlisema? Wewe Situma, si wewe ulisema Lwakhakha? Ama spika imekuruka?"

Watu wengine walicheka, kisha hawakucheka tena. Mama Metrine alisimama. Hakumwangalia bibi, aliniangalia mimi. "Wewe ndiye unajua maneno yake kuliko sisi," alisema kwa ile sauti ndogo. "Umemskiza miezi yote hii. Kwa hivyo alikuwa anataka kusema nini?"

Nilikuwa na orodha yangu mfukoni. Nilikuwa na kila "Haya" ya mwaka ule. Nilitamani kumpa kitu, chochote, kwa sababu alistahili kupewa. "Sijui, mama," nilimwambia. Akakaa tena kwenye benchi lake.

Chama kiliamua kwamba hapakuwa na shtaka. Bonnie alisimama akawashukuru wote, akasema wamejionea wenyewe kwamba Mheshimiwa hakumtaja mtu. Jumapili iliyofuata nilimrekodi Mheshimiwa kwenye harambee ya shule. "Nilitaja mtu?" aliuliza. "Kuna mtu alinisikia nikitaja mtu?" Wakajibu, "Hakuna!" Kweli yangu ilimsafisha yeye vizuri kuliko ilivyomsafisha Mama Metrine. Funguo zilikuwa zimeshapewa mtu mwingine na hazikurudi. Sokoni watu waliendelea kumalizia sentensi ile kila alipopita, bila karatasi, nami sikuwa na rekodi ya kuwanyamazishia. Kabla mwaka haujaisha alihama Bokoli. Mbolea ilikokwenda hakuna anayejua mpaka leo, au wanaojua hawajasema.

Pale Kanduyi, nilipomaliza chapati, nilimwambia nilichokuwa nimekibeba miaka yote: kwamba siku ya matanga nilimwona hakumwaga chai, na nikaamini ameiba kwa sababu hiyo. Alifuta meza kwanza.

"Ningemwaga, mngesema nimemwaga kwa sababu nimeiba," alisema. "Nilikuwa nafanya kazi. Ulitaka nifanye nini na birika moto?"

Bado nanukuu sauti za watu, ndiyo kazi inayonilisha. Naandika walichosema na kuhesabu walichonyamazia, na kila ninapomaliza mtu mwingine husikiliza sauti na karatasi yangu pamoja kabla haijatoka mkononi mwangu. Kazi inachukua muda mara mbili, na wateja kadhaa wameniacha kwa sababu hiyo. Bado nashuku watu wengi, akiwemo Mheshimiwa. Tangu mwaka ule sijaandika jambo lolote kwa sababu tu ninalishuku. Mama Metrine anauza chakula Kanduyi, na Bokoli hajarudi.